Uso wa Mjomba

Tiwi, 9 Februari 1998

Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Natumai u mzima wewe na mkaza mjomba. Sisi huku si wazima. Mama anajikongoja, na mdogo wangu Zainabu anatapika na kuharisha tangu Idi. Nyumba zote za upande wa kisima zina mgonjwa.

Sababu unaijua. Baraza lenu lilikuwa na trekta, halikuwa na pa kumwaga taka. Baraza letu lilikuwa na timbo la zamani, walikochimba mawe ya kujengea mahoteli, halikuwa na trekta. Madiwani wakakutana Diani, wakala biriani, wakapeana mikono, na sasa taka zote za pwani ya Diani zaja kwetu, na dereva ni wewe. Mvua hizi zimelijaza timbo mpaka maji yake meusi yaingia kisimani. Tulikwenda kwa diwani, akatufukuza kama kuku.

Vijana wameapa trekta halipiti tena. Mimi ndiye wanayemsikiliza. Nakuomba ukae nyumbani. Ningekuja mwenyewe kukwambia, ila wakiniona Ukunda watasema nimenunuliwa. Barua nampa Mbeyu, anakuja huko kuuza mahamri.

Mpwa wako,
Jaafar

Ukunda, 11 Februari 1998

Jaafar mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mkaza mjomba wako mzima, na mdomo wake mzima zaidi, kutwa anauliza utaoa lini. Mwambie dada yangu Esha amchemshie Zainabu maji, atie chumvi na sukari, ampe kidogo kidogo.

Sasa wewe. Ndevu umeota lini hata uniandikie habari za vita? Maji ya kisima hicho nimeyaoga kabla hujazaliwa, wadhani sioni? Nimemwambia bwana afya mpaka ulimi umekauka. Ananijibu mabaraza yameshirikiana, niendeshe au nishuke. Nikishuka atapanda mwingine, na taka zitakuja zile zile.

Na nani huyo wa kunitupia jiwe? Sisi Wadigo mpwa hamwinulii mjomba mkono, hilo hata mlevi analijua. Minazi yangu ni yako, shamba langu ni lako siku nikifa. Nakuja kesho kama kila Alhamisi, na utanipisha.

Mjomba wako,
Kibwana

Tiwi, 14 Februari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na ya juzi. Zainabu bado hajainuka.

Umeona mwenyewe, hakuna aliyekugusa. Niliwaambia kiti cha dereva kisiguswe, na hakikuguswa. Mawe yalikwenda kwa wapakizi waliokaa nyuma, juu ya taka. Hao wamekuja kutoka bara, si wetu, kisima hiki si cha mama zao. Waambie waache kazi. Alhamisi haitakuwa mawe tu.

Mpwa wako,
Jaafar

Ukunda, 16 Februari 1998

Jaafar,

Marahaba, basi, kwa kuwa umeamkia.

Aliyekaa nyuma ana jina, anaitwa Gerishom. Sikio lake limeshonwa kwa uzi na meno mawili aliyatema mkononi mwangu. Mwaka jana, siku za machafuko ya Likoni, walipokuwa wakichinjwa watu wa bara, yeye na mkewe Jacinter walilala chini ya kitanda changu, mimi nikakaa mlangoni na shoka. Mpwa wangu mwenyewe ndiye wa kuja kuimaliza kazi ile? Laana gani hii!

Nimemwambia asije. Akacheka na pengo lake, akasema watoto wake wanakula. Basi sikiliza. Alhamisi dereva mwenzangu Kenga ataendesha. Mimi nitapanda nyuma, kando ya Gerishom. Mtazameni uso wangu, kisha mtupe.

Mjomba wako,
Kibwana

Tiwi, 18 Februari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Nimewaambia vijana wote, akionekana mjomba hakuna jiwe. Wamekubali, lakini wamelewa hasira, na wengine wana mapanga. Nakuomba kwa maziwa ya bibi yaliyokulea wewe na Mama, usije. Ukinipenda hata kidogo, usije.

Mpwa wako,
Jaafar

Taru, 3 Machi 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui kama wewe ni wa kuamkiwa nami tena. Nimesikia hukufa. Nimelia kama mtoto mchanga. Niko hapa kwa Chome, muuza mbuzi, nalala zizini.

Wallahi, nilitazama. Trekta lilipotokea nilitazama kiti nikamwona Kenga. Nikatazama nyuma, nikaona watu wawili wamejifunga vitambaa, uso mzima, yamebaki macho tu. Nikasema alhamdulillahi, mjomba amenisikia, amebaki nyumbani. Nikafurahi! Kwa furaha ile nikatupa jiwe la kwanza mimi.

Ukaanguka chini. Nilisikia mtu akiliita jina lako, akipiga kelele, nikadhani anakuita uje umwokoe. Mpaka kitambaa kilipovuliwa ndipo nilipokuona, na damu yako. Nikakimbia, sikusimama mpaka Likoni. Nisamehe. Niliyetupa ni mimi.

Mpwa wako,
Jaafar

Hospitali, Msambweni, 8 Machi 1998

Jaafar mwanangu,

Marahaba. Mistari inapinda kwa kuwa jicho la kulia limekwisha, wamelitoa. Hili la kushoto latosha kukuandikia.

Kitambaa alinifunga Gerishom. Miaka yote nimelivuta trela lile na sijapanda nyuma hata siku moja. Vichwa vya samaki vilikuwa vimeoza juani, nikatapika kabla hatujafika barabara kuu. Akacheka, akatoa kitambaa chake cha akiba akanifunga mwenyewe, akisema kaza, mzee, kaza. Kule juu hakuna asiyejifunga. Nilikwenda kukuonyesha uso wangu nikaufunika, wala sikukumbuka. Hilo ni langu, na Mungu ataniuliza.

Lakini lako hukulimaliza kuliandika. Jiwe liliponiangusha, Gerishom aliruka akanilalia. Walimkata mgongoni, wakamkata mkono aliouinua. Akalia, "Ni Kibwana! Ni Kibwana!" Panga la shingoni ndilo lililomnyamazisha. Nilikuwa chini yake, damu yake ikiniingia mdomoni, na jicho hili lilimwona aliyelishika panga lile. Hukuniandikia habari za panga, Jaafar.

Trekta walilichoma. Jacinter alikuja hapa, akasimama miguuni pa kitanda, akaniuliza ni nani aliyemuua mumewe. Niligeuzia uso ukutani. Sijapata kuona aibu kama ile.

Askari mpelelezi anakuja Jumatatu ya tarehe 16. Njoo kabla yake. Nitakushika mkono, tutaingia kituoni pamoja, na nitasema mbele yao kwamba kisima kilikuwa na sumu na diwani aliwafukuza. Hayo yote nitayasema. Ila jina la muuaji nataka ulitaje mwenyewe. Usipokuja, nitalitaja mimi.

Mjomba wako,
Kibwana

Hospitali, Msambweni, 18 Machi 1998

Jaafar,

Nilikungoja. Jumapili sikula, nikasema labda utafika na njaa tukale pamoja. Jumatatu kila mlango ulipolia niligeuza shingo.

Mpelelezi alikuja. Nililitaja jina lako, nikalitaja la marehemu baba yako, nikamwambia wewe ni mtoto wa dada yangu, tumbo moja na mimi. Nimewaambia na Taru pia, kwa Chome. Barua hii huenda ikafika baada yao. Habari za kisima nilizisema. Aliandika kidogo kisha akafunga kalamu.

Esha haji tena kunilisha. Sasa anakuja Jacinter. Ananipa uji, na akimaliza anafuta kidevu changu. Zainabu amepona, anatembea. Mabaraza yamevunja ushirikiano wao, kila moja linalidai jingine trekta, na taka za Diani zinaozea barabarani. Timbo lenu liko vile vile, limejaa.

Minazi ni yako. Sikubadilisha kitu. Wakija, usikimbie, na usiwainulie mkono.

Marahaba, mwanangu. Safari hii hukuniamkia, lakini nimeitikia.

Mjomba wako,
Kibwana