Jina Nililoita Malindi

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Ukungu tena huku Malindi ya milimani, si ile ya pwani. Kamera imefunikwa gunia, tunasubiri. Namtafsiria Bwana Harlan tangu shule ilipofungwa. Mmarekani, mwongozaji wa filamu, mzee kuliko baba yangu. Asubuhi nzima amenisimulia maisha yake. Alianza kwa kufagia jumba la sinema, akapanda hadi kuongoza filamu kubwa, enzi picha hazijaanza kusema. Zilipoanza kusema, wakamsahau. Hii ndiyo ya mwisho, anasema. Namsikiliza kama mtu anayeota.

Jumatano, 8 Agosti
Mama aliyechaguliwa kuigiza mzazi anayemwita mwanawe aliyepotea ukunguni hakuja. Kwao wamemkataza: kumwita mtoto aliyepotea ni kujiitia msiba. Bwana Harlan akanitazama. "Basi wewe, Mwalimu. Tembea tu kwenye ukungu. Ita jina lolote." Nimekubali. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimepalilia kutwa ili nisifikiri. Debora wetu angeanza shule mwaka huu. Yona, mume wangu, hajalitaja jina lake tangu tulipomzika. Mimi pia. Kesho nitaita Maria.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimetembea. Miti inakuja, inayeyuka. Miguu kama si yangu. Nikafungua kinywa niite Maria, likatoka Debora. Tena na tena. Nilimwona kabisa, mbele kidogo, mgongo wake mdogo.

Niligeuka. Mpiga picha akasema kamera ilitikisika, turudie. Nikasema siwezi.

"Debora ni nani?" Bwana Harlan akauliza.

"Mwanangu. Tulimzika."

Akavua kofia. "Miaka yote hii nawaambia watu walie. Sijawahi kuuliza wanamlilia nani."

Akaamuru kamera ifungwe. Picha yake ya mwisho, na imetikisika. Nilimchukia kwa kunipeleka kwenye ukungu ule. Kisha nikamhurumia.

Jumapili, 12 Agosti
Magari yao yameteremka kwenda Mombo, chini ya milima, alfajiri. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jioni nimemweleza Yona jina nililoita kule Malindi. Nilidhani atanyanyuka atoke. Akabaki anachochea moto.

"Alikuwa ananifichia viatu," akasema. "Kila Jumapili. Tunachelewa ibada."

"Debora," nikasema.

"Debora huyo."

Nikacheka. Naye akacheka, machozi yanamtoka. Viazi vimeungua kidogo. Tumevila hivyo hivyo.