Duara la Uani

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua nepi, nimeanika. Uji wa Milembe umeungua, nilikuwa namfukuza. Tangu ajue kutembea hatulii. Baba yake, Masanja, ameshinda tena uani anachimba duara lake, shimo la dhahabu, kati ya jiko na choo. Anasema mwamba wa dhahabu unapita chini ya nyumba yetu. Shimo limeshanizidi kimo. Naliogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Kingo za shimo zinamomonyoka. Nilimwomba Masanja ajenge uzio. Ameweka bati juu na jiwe pembeni. Anasema inatosha, watoto wa hapa Rwamgasa wote wamekulia kwenye mashimo. Si wote waliokua. Hilo nimelinyamazia.

Ijumaa, 7 Machi
Kutwa mtoto mgongoni. Kupika, kuchota maji, kufagia. Mgongo unawaka. Nikimshusha namfunga kiunoni kwa kanga hapo mlangoni, kama mbuzi. Analia. Leo namchukia Masanja.

Jumapili, 9 Machi
Nilikuwa nachambua mchele. Masanja kaenda kuazima kamba. Nainua kichwa, Milembe hayupo mlangoni. Kanga imefunguka. Yuko juu ya bati, amekaa katikati, anapiga makofi. Bati limebonyea.
Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Angeshtuka. Ningemkimbilia, angedhani ni mchezo, naye angekimbia. Nikakaa kwenye matope, nikatoa ziwa, nikamwita kwa sauti ya kila siku.
"Njoo unyonye, mayu, mama yangu."
Akatambaa. Bati likalia. Akafika. Alinyonya, mimi pumzi sina.
Masanja aliporudi nilimweleza yote. Mwisho nikasema, "Shimo au sisi."
Kisha akasema kimebaki kidogo tuufikie mwamba. Nikaanza kufunga nguo.

Jumatano, 12 Machi
Ushirombo, kwa mama. Milembe anakimbiza kuku. Nimelala mchana kama mgonjwa. Mama haniulizi kitu. Masanja kapiga simu, sikupokea. Nampenda. Sirudi.

Jumamosi, 15 Machi
Amekuja kwa bodaboda, kalowa chapachapa. Akamwamkia mama, akakaa mkekani. Viwiko vimechubuka. Anasema alipokuwa peke yake ukingo ulikatika, akaning'inia, akaita, hakuna aliyesikia. Alipopanda juu akashika koleo, akaanza kufukia.
"Nilimfikiria Milembe mle ndani," akasema. Mimi nililia, yeye akatazama chini.

Jumatatu, 17 Machi
Nyumbani. Nilikanyaga pale palipokuwa na shimo mimi kwanza, nikarukaruka. Udongo bado laini, lakini umejaa. Asubuhi Masanja ameondoka kwenda Nyarugusu, kuchimba kwenye duara la watu. Hofu yangu imemfuata huko. Milembe anazunguka uani, anaanguka, anainuka. Simfuati. Nimekaa mlangoni, namenya karanga.