Unga Tuliouchekecha

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa mama.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto. Habari za lori, na habari za baridi? Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua, na bado anawagombeza kuku wa jirani kana kwamba aliwazaa yeye.

Hapa ndipo mtu huandika, "Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali nami." Nimekaa na kalamu nikashindwa. Mimi si mzima, Kaka. Na hofu kweli ni kwako, kwa hiyo isome barua hii yote, tena umekaa.

Nilianza kukohoa mwaka jana. Nikakohoa kama watu wote: nikalamba asali, nikalaumu vumbi la barabarani, nikalaumu klorini. Majirani wakaanza kunipisha mlangoni wakidhani ni kifua kikuu. Nilipimwa makohozi mara tatu, wasione kitu. Siku niliyoshindwa kupanda zile ngazi kumi na mbili za chumba cha pampu bila kukaa katikati, ndiyo siku niliyokwenda hospitali kubwa, wakanipiga picha ya kifua.

Daktari ni mama mmoja mpole, mwenye miwani minene. Aliitundika picha kwenye taa, nikaona mapafu yangu yamejaa vidoa vyeupe, kama ukuta uliorushiwa chokaa. Akaniuliza kama nafanya kazi machimboni. Nikacheka. Nikamwambia natunza bwawa la kuogelea la hoteli, kazi yangu ni maji. Akauliza maji hayo yanasafishwa kwa kitu gani. Nikajibu, "Kwa unga." Yeye hakucheka.

Jina hilo ni lako, Kaka. Mfukoni wameandika udongo wa diatomu, wewe ukasema hakuna mtu awezaye kutamka hivyo akiwa na mfuko begani. Udongo wenyewe ulikuwa mweupe, laini, ukiteleza vidoleni, basi ukauita unga. Hoteli nzima wakaufuata, hata meneja. Na tulipokwisha kuuita unga tukautenda kama unga.

Sitakunyima haki yako, ulinifundisha vizuri. Siku ya kwanza uliniambia pampu isiwashwe hata dakika moja bila unga kwenye filta, maana uchafu utaingia moja kwa moja kwenye vitambaa vya zile fremu zilizomo ndani yake na kuviziba. Ulinionyesha kuutia taratibu kwenye mdomo wa bwawa unaovuta maji kwenda kwenye filta, kikombe baada ya kikombe, ili uende ukatande juu ya kila fremu. Ulinifundisha kuitazama geji, presha ikipanda sana nirudishe maji kinyume, nioshe, kisha nitie unga mpya. Nikiona wingu jeupe sakafuni karibu na tundu linalorudisha maji, nijue kuna kitambaa kimechanika. Yote hayo ni kweli mpaka leo. Nilikuwa nikiangusha pini ya nywele upande wa kina kirefu na kuiona ilipolala.

Halafu ndiyo kuna chekeche.

Unakumbuka ulivyofurahi. Kila ulipoifungua filta ulikuta unga wa zamani umeganda kwenye fremu, ukaona ni dhambi kuutupa. Ukazianika fremu mpaka zikakauka, ukazikung'uta kwa fimbo kama mikeka, ukauchekecha ule unga kwa chekeche la mama na kuurudisha kazini. Kwa kuwa nje upepo ungeupeperusha, kazi hiyo uliifanyia ndani ya chumba cha pampu, mlango umefungwa, na kitambaa umesokomeza chini ya mlango. Mfuko wa mwezi mmoja ukafika mitatu. Meneja akakupa cheti mbele ya wapishi na wahudumu, na mama akakitundika sebuleni. Kingali pale, nakiona kila nikipita kwenda kunywa maji.

Siku uliyonikabidhi kazi nilikuuliza tujifunge kitambaa puani au vipi. Ukaniambia, "Acha ulimbwende. Mama anachekecha kila siku, umeona kafa?" Nikaacha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia la mkuu miaka kumi na moja, na guu limevunjika vilevile.

Daktari alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Unga ule ni maganda ya vijimea vidogo vya majini vilivyokufa zamani sana. Kiwandani wanauoka kwa moto mkali, na katika kuoka huko sehemu yake inageuka kuwa kama kioo kilichosagwa. Chembe zenyewe hazionekani kwa macho. Ukilowa hauna neno, unazama. Ukikauka unapaa, unaingia ndani kabisa ya kifua, na kifua hakina njia ya kuutoa. Kinaufungia palepale kwa kovu, na kovu halipitishi hewa.

Nikamuuliza nitapona lini. Akasema hili haliponi. Nikiacha vumbi huenda likatulia, huenda likaendelea. Kaka, nimekasirika hivi kwamba siku mbili sikuweza kuzungumza na mama. Nilikuwa nakuchukia wewe, kisha najichukia mimi, kisha naona kile cheti ukutani naanza upya.

Kazi nimeiacha. Nafasi yangu amepewa fundi wa mabomba, mtu mzima, mchache wa maneno. Nilikwenda kumkabidhi. Nikamwonyesha fremu, geji, pete za mpira za kupaka grisi, kisha nikamwonyesha chekeche. Akalitazama, akanitazama, akauliza, "Hili la nini, dada?" Nilipomweleza akavuta mpira wa maji, akazimwagia fremu zikiwa bado mbichi, uji wote ukatiririka shimoni. Kisha akavaa barakoa, akatoka nje, akakinga upepo kwa mgongo, akauteremsha unga mpya taratibu kwenye ndoo ya maji, akakoroga mpaka ukawa kama maziwa. Nusu saa, amemaliza. Nilikaa kwenye ngazi nikilia, naye akadhani nalilia kazi.

Kuna kituko kingine nilichokijua kwake siku hiyo. Unga uliochekechwa huwa umechoka, hauchuji vizuri, geji inapanda baada ya siku chache tu. Sisi tulidhani wageni ni wachafu. Kumbe tulikuwa tunaifungua filta mara tatu zaidi kwa sababu ya ubahili wetu wenyewe, na kila kuifungua ni kukung'uta tena, na mlango tumefunga.

Sasa nije kwako. Mwezi uliopita ulipopiga simu, mama alisema baadaye, "Mbona kaka yako siku hizi anazungumza kwa vituo?" Nilimwambia ni mtandao. Mimi uliniambia kwamba ni kikohozi cha baridi, na kwamba lori linakuchosha. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu haanzi kuhema kwa kupanda ndani ya lori kwa sababu ya baridi. Na usijifariji kwamba uliiacha kazi zamani. Nilimuuliza daktari, nikijifanya nauliza tu, akasema vumbi hili linaweza kumkaa mtu kimya miaka kumi, hata kumi na mitano, ndipo lijitokeze.

Nimesema nikijifanya, na hapo ndipo penye kosa langu. Aliniuliza nani alinifundisha kuchekecha. Karani alikuwa na kalamu tayari. Nikasema hakuna, ni akili yangu mwenyewe. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya utotoni, wewe unavunja, mimi nasema ni mimi, kwa kuwa kitindamimba hachapwi. Nilipofika kituo cha basi ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nimekufuta, Kaka. Kwenye faili lao hakuna mtu aliyewahi kuingia chumba kile kabla yangu. Hakuna atakayekuulizia wala kukutafuta. Kesho nitarudi nikawaambie ukweli, lakini wao wako huku na kifua chako kiko huko.

Najua utakachofanya ukimaliza kusoma. Utakwenda kukaa ndani ya lori peke yako, na wiki nzima utakuwa unatunga namna ya kuniomba radhi. Sitaki. Radhi nimekwisha kukupa, tena kwa shida, usinilazimishe kuitoa mara mbili. Nenda kapigwe picha ya kifua. Usiwaambie umekuja kwa kikohozi, watakupa dawa ya maji na kukurudisha. Waambie ulivuta vumbi la udongo wa diatomu uliookwa, miaka tisa, ndani ya chumba kilichofungwa. Taja jina lake lote, hata kama linakukwama mdomoni. Ukisema unga, watakuona umekuja kuwapotezea muda.

Mama hajui. Anajua nimeacha kazi kwa sababu ya ngazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, naelewa, na nitamwambia. Ila siwezi kumwambia habari ya mtoto mmoja kabla sijajua ya wa pili. Atauliza swali hilohilo kwanza, wewe unamfahamu.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja, na yule mkorofi umvute sikio kwa niaba yangu. Wifi nimemwandikia karatasi yake peke yake, imo ndani ya bahasha hii, maana wewe kuhusu afya yako si mtu wa kuaminiwa. Shangazi anakusalimu, na yule jirani wa kuku naye anakusalimu, ingawa hakujui.

Mungu akupe pumzi za kutosha, Kaka, na zikipungua achukue kwangu akuongeze. Mimi nimekwisha kuzoea kukaa katikati ya ngazi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Kitinda.