Yeye Kushoto, Mimi Kulia

Jumatatu, 8 Machi

Rovu lingine asubuhi. Kabeya, daktari mwenzangu, upande wa kushoto wa shingo, mimi kulia. Yeye kwa uzi, mimi kwa mashine. Ndivyo tunavyofanya tangu mashine ifike hospitalini: shingo moja, pande mbili, halafu tunangoja tuone upande gani utavuja damu. Mpaka leo hakuna aliyeshinda. Nilimaliza wa kwanza nikamwita fundi cherehani. Hakukasirika. Kabeya hakasiriki, na hilo hunikera.

Mashine yenyewe ni koleo jembamba la umeme. Unabana mshipa wa damu, unakanyaga pedali, mshipa unajifunga. Kabeya anasema joto lile linaweza kuunguza neva ya sauti, na mshipa mkubwa wa juu si wa kuuachia umeme peke yake. Mimi nasema mafundo yake yanamchelewesha mgonjwa mezani. Tukibishana anafunga mafundo ya mazoezi kwenye mpini wa droo ya ofisi yetu. Droo imeota ndevu za uzi.

Alhamisi ni zamu ya Mama Kaumba, wa Sandoa. Rovu lake limebana koo, siku hizi analala ameketi. Kabeya alimweleza utaratibu wetu: "Miye njo docteur wa kushoto." Mama akacheka mpaka pumzi ikamkatika. Mumewe, Tata Chinyama, hakucheka. Aliuliza jina la Kabeya, kisha akaliuliza tena.

Jumatano, 10 Machi

Vijana wako kwenye geti la hospitali. Filimbi, marungu. Kila anayeingia anaulizwa kwao ni wapi. Wenye asili ya Kasai wanarudishwa, wagonjwa kwa wafanyakazi. Hata mimi nimeulizwa. Mimi ni Mluba wa Katanga, nikapita. Mluba wa Kasai hapiti. Bibi yangu na bibi yake Kabeya wangekutana sokoni wangesikilizana bila mkalimani. Upumbavu mtupu.

Kabeya alirudishwa, kwa jina lake la Kikasai. Amezaliwa Nzilo, hapa hapa Katanga, baba yake alivunjika mgongo akijenga bwawa linalotupa umeme. Kasai hajawahi kufika. Na aliyemshika mkono akamgeuza ni nani? Tata Chinyama. Mume wa mgonjwa wetu! Nilimfuata palepale.

"Tata, ule njo docteur wa bibi yako."

"Weye uko, mama docteur. Ule aende kwabo."

Nilitaka kumzaba kibao. Mkurugenzi akanivuta ndani, akaniambia nisiingize siasa hospitalini. Siasa imesimama getini na rungu. Yeye alirudi kwenye chai yake.

Alhamisi, 11 Machi

Hakuna upasuaji. Umeme hakuna. Mafuta ya jenereta yameibwa na hakuna anayejua kitu, kama kawaida. Mama Kaumba ameketi kitandani, mikono magotini, anavuta hewa kwa mluzi. Sipendi mluzi ule.

Mchana nilikwenda stesheni. Watu wa asili ya Kasai wamejaa hadi kwenye reli. Magodoro, masufuria, cherehani, wazee waliobebwa na viti vyao. Wanangoja treni ya kwenda Kasai ambayo hakuna anayejua siku yake. Nilimkuta Kabeya na mkewe wakifunga mizigo. Nikampigia kelele mbele ya watu wote: mbona unakubali tu? Mbona hupigani?

"Nibakie, banichomee batoto mu nyumba?"

Niliendelea kumkasirikia hivyo hivyo, maana waliostahili hasira yangu hawakuwa karibu.

Akaniuliza habari za Mama Kaumba. Nikasema nangoja umeme urudi, nitafanya pande zote mbili kwa mashine. Akatikisa kichwa. "Ule mama hawezi kungoya courant." Kisha akanipa ncha ya kamba ya mzigo wake. "Funga."

Nikafunga. Fundo likateleza. Tangu mashine ifike vidole vyangu vimekuwa vivivu. Akalifungua, akanirudishia kamba. Nikafunga tena, akafungua tena. Mkewe akatuangalia kama wendawazimu wawili. Jioni mizigo yote ilikuwa imefungwa kwa mafundo ya chumba cha upasuaji, na Kabeya alikuwa ameacha kuyafungua. Njia nzima kurudi nililia. Si kwa huzuni. Kwa hasira.

Jumamosi, 13 Machi

Alfajiri Mama Kaumba aligeuka rangi midomoni. Sikungoja tena. Tulisogeza meza karibu na dirisha kubwa.

Tulipoanza umeme ulikuwa umerudi. Nikaanza upande wa kulia, upande wangu, kwa mashine, vizuri tu. Nilipofika kwenye mshipa mkubwa wa juu, nikabana, nikakanyaga. Kimya. Taa zimezimika. Mshipa umeungua nusu na damu inaruka. Muuguzi wa usingizi akaanza kukamua mfuko wa hewa kwa mkono. Niliogopa, acha niandike hivyo. Niliweka kidole. Niliomba uzi. Fundo la kwanza liliteleza. La pili likakaa. Nikaongeza jingine juu yake, nikaondoa kidole, nikangoja nione kama damu itatoka. Haikutoka.

Halafu nikazunguka meza nikasimama mahali pake. Sijawahi kusimama kushoto. Neva ya sauti ilikuwa pale, nyeupe, nyembamba, nami nikapita kando yake kwa uzi tu. Umeme uliporudi nilichukua tena koleo kwa vile vimishipa vidogo vilivyo mbali na neva. Uzi kwa mikubwa, mashine kwa midogo. Basi! Ndivyo tungefanya siku zote kama tusingekuwa wabishi, na sasa nimejua, na wa kumwambia anakaa juu ya mizigo stesheni.

Pande zote mbili hazijavuja.

Jumapili, 14 Machi

Nilikwenda stesheni nimwambie. Treni iliondoka asubuhi. Pamebaki majivu na kandambili. Wamewapakia hata kwenye mabehewa ya mawe ya shaba. Nawachukia wote: wenye filimbi, wenye chai, na sisi tuliopita getini.

Ijumaa, 19 Machi

Nimemtoa Mama Kaumba nyuzi za ngozi. Kovu zuri. Kushoto na kulia huwezi kutofautisha.

Siku za kwanza alinong'ona, nikaogopa neva. Leo amezungumza. Tata Chinyama alisimama karibu na kitanda, amemshika kuku wa kunipa, anatabasamu. Mama akaangalia mlangoni, akauliza:

"Na docteur wa kushoto, iko wapi? Nimupatie aksanti."

Nilikuwa nakunja bandeji. Nilimaliza kuikunja.

"Muulize bwana yako," nikasema, nikatoka. Kuku sikumchukua.

Sauti yake imerudi safi kabisa. Nilipofika mwisho wa korido niliisikia ikiuliza tena.