Upande wa Majivu

Yamumbi, Jumanne

Njenga ndugu yangu,

Nakuandikia huko Doha kwa sababu nikikupigia simu Mama hukaa kando yangu akisikiliza.

Nyasi tuliyopanda uwanjani kwa ajili ya harusi yako bado ni ya manjano. Udongo ulipopimwa tuliambiwa una asidi nyingi, kazi ya ile mbolea ya mahindi miaka yote. Basi nikagawa uwanja kwa kamba. Upande wa geti nikaweka chokaa ya kupunguza asidi, ambayo inataka miezi kufanya kazi. Upande wa jikoni Mama akasema ni wake, na ataweka majivu ya meko. Alinicheka na magunia yangu ya kununua! Kila asubuhi alichekecha majivu, akamwaga, na nyasi yake ikatangulia kushika rangi. Niliudhika, unanijua.

Sasa upande wake umesimama, kwa sababu majivu yameisha. Hii ni wiki ya tatu hajawasha moto. Hawezi kuinama, chakula hakigusi, na daktari anataka kuongea na sisi wawili, mimi na wewe. Mama amenikataza kukuambia mpaka uwanja uwe kijani.

Usingoje kijani, Njenga. Kata tiketi.

Dada yako,
Gathoni