Huku Balidi

Jumamosi, mwezi wa saba, Makambako. Jua limetoka lakini halipashi kitu. Upepo umetawanya vipande vya vitambaa nilivyovifagia jana, na sina hamu ya kuvifagia tena.

Leo asubuhi simu imeniandikia "baridi". Tangu hapo nimekaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali.

Najua haieleweki. Ngoja nieleze taratibu, maana hata mimi nataka kujielewa.

Simu ninayoandikia haya ilikuwa ya mke wangu, Mama Upendo. Yangu ilianguka kutoka kwenye meza ya cherehani ikapasuka, muda mfupi baada ya kumzika, na binti yetu akasema, "Baba, tumia ya mama. Si ipo tu kabatini." Nikaweka laini yangu. Picha yake nikaiacha pale mbele. Amesimama katikati ya chai, kikapu mgongoni, anacheka. Anacheka kwa sababu mpiga picha nilikuwa mimi, na alikwisha kuona kidole changu kinaziba kona ya kamera. Kidole kipo mpaka leo, kama wingu jekundu juu ya bega lake.

Nilidhani picha ndiyo kitu pekee alichoacha humo.

Siku za mwanzo mwanzo nilitaka kumwambia mteja kwamba huku mvua imetuzuia. Nikaandika "Huku". Kabla sijagusa herufi nyingine, juu ya kibodi, pale ambapo simu hukisia neno linalofuata, likatokea neno moja.

Balidi.

Nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni katikati ya soko.

Sehemu kubwa ya ndoa yetu tuliishi mimi huku, yeye Lupembe. Mimi nina kibanda changu cha kushona, yeye alikuwa na shamba la chai aliloachiwa na baba yake. Alijaribu kuhamia Makambako msimu mmoja, akasema upepo unamuumiza kichwa, na chai isipochumwa inakimbilia kuwa mti. Akarudi. Basi mimi nikawa mtu wa kupanda Jumamosi nikishafunga kazi, na kushuka Jumatatu. Siku za katikati tuliishi kwenye simu.

Kila asubuhi, kabla ya kuingia shambani, aliniandikia vilevile, akianza na salamu ya kwao: "Kamwene. Huku balidi. Umekula?"

Nami kila asubuhi nilimjibu: "Ni baridi, Mama Upendo. Weka r."

Kibena alichokulia hakikuwa na haja na hiyo herufi, na shuleni hakukaa sana hata wamzoeze. Mimi nilifika kidato cha nne, na watu wa kidato cha nne tunapenda ijulikane. Yeye haikumkera. "Haya mwalimu," alinijibu kila mara, halafu kesho yake: huku balidi.

Kuna siku alinipigia kabisa ili tulimalize.

"Sikiliza, Baba Upendo. Hiyo ya kwenu Makambako, ya upepo, mtu anavaa koti inaisha, hiyo ndiyo baridi. Ya huku inaingia kwenye mfupa, inakaa humo mpaka mchana. Hii ni balidi. Ni vitu viwili. Usinichanganyie."

Nikamwambia kamusi hailijui neno hilo.

"Hiyo kamusi imeshawahi kulala Lupembe?"

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anapimwa suruali akaniuliza kama niko salama.

Hatukuacha. Miaka yote yeye aliandika, mimi nilisahihisha. Sasa naona hatukuwa tunazungumza juu ya herufi. Ilikuwa namna yetu ya kupiga hodi na kuitikiwa.

Simu ilikuwa imeyashika mengine pia. Nikiandika "Ume", inaleta "kula". Kwa fundi nguo hili ni tatizo, maana mimi nataka "umeleta", "umepima", "umelipa". Kuna siku nilikuwa nauliza habari ya kitambaa cha sare kwa Mbaraka, muuza vitambaa mwenye duka upande wa pili wa barabara. Nikabonyeza bila kuangalia, ikaenda: "Umekula?"

Jibu lilikuja haraka. "Sijala tangu asubuhi, fundi. Unanialika au unanichokoza?"

Nikaona aibu kusema nimekosea. Nikamwandikia aje. Mbaraka akaja kweli, na chapati zake kwenye gazeti kwa sababu alijua kabisa mimi ndani sina kitu. Tukala juu ya meza ya kukatia, makombo yakaingia kwenye suruali ya mtu. Tulikuwa tumefanya biashara miaka mingi bila hata siku moja kuulizana kama tumekula. Siku hizi, mchana ukipita bila kuniona, ananitumia yeye: "Umekula?" Hajui neno hilo amelipata wapi. Sijamwambia.

Huwa nafikiri juu ya hiki kitu, simu kukisia maneno. Watu wanasema ni akili ya mashine. Mimi naona ni kitu ambacho watu wa ndoa wanakifanya kila siku. Unakaa na mtu mpaka anajua utasema nini kabla hujamaliza, na wakati mwingine anakumalizia vibaya mnagombana, na wakati mwingine anakumalizia vizuri mnanyamaza. Mwenzako akiondoka, unabaki na sentensi nyingi zisizo na wa kuzimalizia. Labda ndiyo maana niliipenda simu hii kuliko inavyostahili simu kupendwa. Niliandika "Huku" hata pasipo na wa kumwandikia. Niliandika, nikaangalia neno likitokea, nikafuta.

Lakini nilipokuwa na kitu cha kutuma kwa watu, nililisahihisha. Mkono umezoea. Linakuja balidi, naliruka, naandika baridi. Kwa wateja, kwa Upendo, hata hapa kwenye blogu. Ninyi wachache mnaosoma mtakumbuka nimelalamikia sana baridi mwaka huu.

Sasa nifike kwenye leo.

Tangu arobaini sijapanda Lupembe. Nyumba imefungwa. Chai anaichuma mama mdogo wa Upendo, na Upendo mwenyewe anaenda kutoka Njombe mjini anakofanya kazi, akipata nafasi. Mimi kila Jumamosi nina sare za shule za kumalizia. Sare haziishi, ukitaka zisiishe.

Leo asubuhi Upendo ameandika: "Shikamoo baba. Kesho naenda kufungua nyumba ipate hewa. Twende wote?"

Nilikuwa na udhuru tayari. Ningemwambia kifua kinanibana na hali ya hewa si nzuri. Nikaanza: "Marahaba mama. Huku"

Ikatokea: baridi.

Nikafuta, nikaandika "Huku" tena. Baridi. Pembeni yake "kuna", na "Makambako". Neno lake halikuwepo hata kwenye nafasi ya tatu. Nikaandika b, a, l, nikaisaidia kama unavyomsaidia mtoto kukumbuka. Ikaniletea "balozi".

Nilifunga kibanda nikaenda kwa Nasra.

Nasra ni fundi simu karibu na stendi, mama mtu mzima kutoka Tanga, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Benchi lake lilikuwa limejaa watu wameshika simu zao kama wanavyoshika kadi kliniki.

"Shikamoo baba. Ina nini leo?"

"Imesahau neno."

"Imesahau neno! Mie wananiletea zimesahau chaji, zimesahau laini, moja ilimsahau mwenyewe mpaka akaenda kuidai polisi. Neno ndiyo leo." Kisha akanitazama vizuri, akapunguza sauti. "Neno gani, baba?"

Nikamwambia kwamba simu ilikuwa ya marehemu mke wangu, na kwamba ilikuwa inaandika kama yeye.

Akaigeuza geuza mkononi. "Haijasahau kwa ubaya. Hizi zinamfuata anayeandika. Wewe ukiandika vyako kila siku, vya zamani vinasukumwa nyuma, nyuma, mpaka havionekani. Nikuwekee kwa mkono? Sasa hivi tu. Nitajie."

"Balidi."

"Balidi? Baba, si baridi hiyo?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka, si kwa ubaya.

"Hapana," nikasema. "Ni vitu viwili. Hii ya Makambako ya upepo ndiyo baridi. Balidi inaingia kwenye mfupa. Usinichanganyie."

Ndipo nikajisikia. Maneno yalikuwa ya Mama Upendo, hata pale alipokuwa anavuta pumzi mimi nimevuta.

Nasra hakucheka tena. "Basi niliweke?"

Nikamwambia asiliweke. Likiwekwa na yeye, ni la Nasra. Nikiliweka mimi, ni langu. Nilichokuwa nakitaka ni lile ambalo mke wangu aliifundisha simu kwa kuliandika kila asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Hilo halipo dukani. Nasra hakuchukua hela.

Nikarudi nikakaa hapa.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyelifuta. Ningejua aliyelifuta ningemkasirikia. Simu imenizoea tu. Mwenye mikono ndiye anayefuatwa. Na nafikiri kichwani mwangu ni vivyo hivyo. Sijamsahau, Mungu apishe mbali. Lakini kila siku inayopita naijaza mimi peke yangu, na vyake vinasogea nyuma kidogo. Juzi nilijaribu kukumbuka alikuwa anafunga kilemba kuanzia upande gani. Nilijaribu kwa mikono yangu mwenyewe mbele ya kioo cha wateja. Sikupata.

Na ule ubishi wetu nimeushinda. Miaka yote hiyo, na leo simu yake mwenyewe imeandika baridi, yenye r.

Hakuna wa kuniambia haya mwalimu.

Ujumbe kwa Upendo ulikuwa bado haujaenda. "Marahaba mama. Huku" na kamstari kanapepesa. Niliutazama ule udhuru ambao ulikuwa haujazaliwa. Nikajiuliza nataka kumlinda nani na nini kwa kukaa huku chini. Kama ni Mama Upendo, hayupo Makambako. Hakuwahi kupapenda. Vyake viko kule juu: beseni, kanga zilizokunjwa, jiko ambalo lazima mlango wake uuinue kidogo ndipo ufunguke. Nimemtafuta kwenye simu kwa sababu simu inaingia mfukoni. Nyumba lazima uiendee.

Nikaandika herufi moja moja, bila kupokea msaada wa kibodi: "Huku balidi." Neno likachorewa mstari mwekundu chini. Nikatuma hivyo hivyo.

Upendo alichelewa kujibu. Niliona ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Nikasema sasa atanisahihisha, maana amesoma mpaka chuo, na usahihishaji ameurithi kwangu.

Akajibu: "Acha uongo baba. Makambako hakuna balidi, mama alikataa. Balidi iko kule kwetu. Unakuja hukuji?"

Kumbe alilijua. Kumbe mama yake alimsimulia, na wakanicheka wote wawili, mimi niko huku chini nasahihisha. Sijui walikuwa wamekaa wapi, jikoni au shambani, na sikuwahi kuambiwa. Mchana kweupe, kitambaa cha sare ya mtoto wa watu mkononi, nimejifutia machozi nacho. Nitakifua.

Nimemjibu neno moja. "Nakuja."

Sare zitasubiri hadi Jumatatu. Koti nimeshalitoa, lile zito, na nimelikung'uta vumbi. Sijui nitafanya nini mlango wa jiko ukifunguka. Labda nitasimama tu. Labda nitawasha moto, maana nyumba iliyofungwa muda mrefu inahitaji moto kwanza, mengine baadaye.

Ila jambo moja nimeshalipanga. Kesho nikishafika, nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda chake, mahali ambapo neno lenyewe halina kosa, nitamwandikia Mbaraka: "Kamwene. Huku balidi. Umekula?" Simu ikileta baridi nitaliruka.

Mbaraka atanisahihisha, namjua. Atasema weka r.

Jibu ninalo.