Kadi Niliyompelekea Lavonne

Shoga, nimetoka mahakamani sasa hivi, niko kwenye gari. Yule jirani yangu Lavonne ameshinda kesi. AMESHINDA!

Dola elfu tisini! Kwa kujikwaa kwenye boga langu la kupambia sikukuu ya Halowini pale ngazini, boga kubwa kama ndama, mchana kweupe!

Na unajua kilichonimaliza? Ile kadi niliyompelekea na supu ya kuku. Wakili wake kaionyesha ukutani, mwandiko wangu huo: "Lavonne mpenzi, nisamehe, kosa ni langu." Akawageukia wale raia wanane wa jopo la kuamua kesi: "Mwenyewe kakiri." Wakaitikia kwa vichwa, wote!

Kosa ni langu! Sasa jirani yako akiumia mlangoni kwako umwambieje?

Wiki tatu niliiona kadi hiyo kwenye friji lake, nikasema moyoni, huyu ananipenda. Kumbe anatunza ushahidi.

Nje akanikumbatia. Akanikumbatia, shoga! "Usinune, Bettina, si bima ya nyumba yako ndiyo inalipa? Nitakuletea pai ya boga."

Na wewe Jumapili ukija, tazama ngazi. Ukianguka hapo, hata pole sikupi.